Ndege Isiyosikika Njo Munayoisifu

Jumapili, saa ya jioni. Mvua imekatika, ziwa limebaki na rangi ya chai ya maziwa. Nimechukizwa, na leo sitafunika kitu.

Asubuhi, kwenye kundi letu la wapenda ndege, mwenzetu mmoja alituma picha ya ndege mpya ya kivita, bado iko kwenye majaribio. Haina mkia. Rada haiioni, na inaiacha nyuma sauti yake yenyewe. Watu wakashangilia kama goli limeingia. Zamani ningeandika hapa, kwenye daftari langu la ndege, kurasa tatu za sifa.

Leo nilizima simu.

Kiwanja changu nilikipata kwa mikono hii, kwa kutengeneza injini za mitumbwi, nikakichagua karibu na uwanja wa ndege kusudi nizione zikitua. Wiki iliyopita dada yangu mukubwa, Yaya Eliza, alikubali hatimaye kutoka Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita, aje kuishi nasi. Kijiji chake kilipigwa kutoka juu. Nikampa chumba cha sakafu ya saruji.

Jana mchana ndege ya kivita ikapita chini chini. Nikatoka mbio, kichwa juu, nikiita Nadine na wadogo zake: "Ya injini mbili, sikieni!" Kugeuka, Yaya amemwaga ndoo nzima ya maji juu ya jiko la makaa, maharagwe na yote. Kule kambini njo wanavyofanya wote: ukisikia mngurumo unazima moto, moshi usionekane.

Mke wangu akacheka. "Yaya, leo tutakula bukari na supu ya majivu."

Yaya hakucheka. Alikuwa anafunga vitu vyake ndani ya kitenge.

"Papa Nadine, nyumba yako ni nzuri, lakini ukuta na mabati vinaziba masikio. Chini ya turubai nasikia mapema. Hapa nimesikia iko tayari juu yangu."

"Yaya, ile ilikuwa inapita tu."

"Na ile ya kwetu ilikuwa inapita tu."

Kabla ya giza alikuwa amesharudi Katanika.

Nimepiga hesabu, maana njo kitu ninachojua. Ndege nzee ya mizigo, mita mia kwa sekunde, ikianzia kilomita kumi: sauti inakufikia zaidi ya dakika moja kabla yake. Ya kivita, mita mia mbili na hamsini kwa sekunde: inakuachia sekunde kumi na moja. Zinatosha ndoo moja ya maji. Hii mpya munayoisifu: sifuri. Bomu kwanza, mngurumo baadaye.

Watu wamesoma, wamekaa mezani miaka, wamechora, kusudi wamunyang'anye Yaya zile sekunde kumi na moja. Na ndege yenyewe haiwezi kutuletea hata gunia moja la mihogo toka Kongolo.

Picha zangu za ndege za kivita nimezibandua ukutani. Watoto watafunikia madaftari, upande wa picha ndani. Zimebaki zile za mizigo.

Kesho nachukua mbao, misumari na turubai jipya, naenda Katanika. Sitamwomba arudi. Nitamtengenezea paa lisilovuja, nimwache na masikio yake.

Na kitu kikipita nikiwa pale, sitaangalia juu. Nitashika ndoo.