Kibali cha Risasi

Jumatatu, 5 Machi 2007
Chai, mandazi baridi, faili kumi na moja. Zote nimepitisha isipokuwa moja. Kampuni inaomba kibali cha kuuza risasi nje. Mnunuzi eti ni klabu ya kulenga shabaha. Klabu gani hiyo inataka risasi za vita? Kazi yangu ni kuuliza nani atazipiga, na atampiga nani. Anwani ipo. Mtaa siujui.

Jumamosi, 10 Machi
Kenyatta Market, kusukwa. Masaa matano kitini, makalio yamekufa ganzi. Rehema, msusi wangu, alikimbia nchi hiyo hiyo risasi zinakotakiwa. Nikamtajia mtaa tu, kama mtu wa kupiga gumzo. Vidole vikasimama kichwani mwangu. "Mtaa huo, dada, hauna kitu ila kambi ya polisi," akasema. Kaka yake aliingizwa humo baada ya maandamano, hakutoka. Mama yao bado anakaa nyuma ya ukuta wa kambi. Nimeogopa. Tena nimekasirika.

Jumatatu, 12 Machi
Nimeandika kwenye faili kwa wino: anwani ni kambi ya polisi, ichunguzwe kwanza. Ukurasa nikaupa namba. Ukiwa na namba hautoki bila pengo kuonekana. Nikinyamaza, risasi hizo zitafika mlangoni kwa yule mama.

Jumatano, 14 Machi
Bosi kaniita. Anataka niung'oe ukurasa, nipange namba upya. "Mama Wambui, mwenye nguvu mpishe." Akataja Lodwar, kule jangwani, eti huko wanahitaji karani. Na binti yangu Wambui yuko darasa la nane, mwaka wa mtihani! Nikamwambia ang'oe mwenyewe, kwani mikono hana? Ngai, Mungu wangu, huu mdomo utaniponza.

Ijumaa, 16 Machi
Hakung'oa. Mwoga. Faili imepanda kwa wakubwa na ukurasa wangu ndani.

Jumanne, 3 Aprili
Imerudi. KIMEKATALIWA, mhuri mwekundu. Mtu wa ubalozi wetu kule alienda kuangalia, akakuta kambi. Nimejifungia chooni nikalia kama mtoto. Halafu nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Woodley, mwepesi, viatu mkononi kuanzia kona ya mwisho. Bosi haongei na mimi. Potelea mbali.

Jumamosi, 7 Aprili
Kesho Pasaka, salon imejaa. Kiapo cha kazi hakiniruhusu kumwambia Rehema kitu. Nimeuliza tu kama mama yake hajambo. Akasema mama alipiga simu jana. Nyanya zimepanda bei, na jogoo wa jirani hamwachi alale. Basi, hakuna lingine. Nimecheka mpaka Rehema akaniambia nitulize kichwa. Nikatuliza.