Mama Aliyeshuka Korongoni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako anakohoa, ila ubwabwa anaumaliza. Unauliza kama kwenye hija niliwahi kuogopa. Swali la mtu aliyekaa kitini!

Mimi, dada yangu na mahujaji wenzetu tulitoka Vudee, kwetu mlimani, kwa miguu, jioni tukatandika mikeka kwenye mchanga wa korongo kavu. Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akichunga akapiga kelele, "Tokeni! Kwenu mlimani kunanyesha, maji yanakuja!"

Nikamjibu, "Wee mama, chunga ng'ombe zako!"

Mara korongo likaunguruma. Tukakimbilia ukingoni, dada yangu akabaki, miguu imemvimba. Mimi nilisimama nikipiga mayowe tu. Yule mama akashuka, akambeba mgongoni hadi ukingoni, maji mekundu yakimpiga magotini.

Nilitaka kumwuliza jina, aibu ikanifunga mdomo. Wewe usiwe mjinga hivyo.

Bibi yako