Mama, Sikuwa na Mafua

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa mezani kwako, pale dirishani panapoonekana shamba la kabichi, na nimekasirika. Nimelisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu ungekuwa hai ningeanza na mvua, tukaja kwenye karoti, tukafika kwa wagonjwa wa usharika, na tungeagana bila kusema kitu. Ndivyo tulivyoishi mimi na wewe hapa Lukozi, tunaulizana habari na zote ni nzuri.

Mbele yangu ipo karatasi ya hospitali niliyokuja nayo kutoka Tanga. Kesho natakiwa kuirudisha. Maswali yote nimeyajibu, hata yale ya kuona haya, isipokuwa moja: Je, mama yako mzazi alikuwa akitokwa na damu nyingi wakati wa hedhi? Chini yake kuna visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Nimekuwa mwanao miaka ishirini kabla hujaondoka, Mama. Nimelala kitanda kimoja na wewe mpaka darasa la tatu. Na sijui niweke alama kwenye kisanduku kipi.

Unakumbuka siku niliyovunja ungo? Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimetoka kuchambua maharage, nikakuta doa kwenye sketi. Ulinivuta ndani, ukachana kanga yako kuukuu vipande vipande, ukanionyesha namna ya kukunja. Ukasema nisicheze tena na wavulana. Halafu ukanishika kidevu ukasema neno moja ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mwalimu akikuuliza, sema una mafua."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyoyapata kwako. Nilingoja mengine, hayakuja.

Nikaenda sekondari ya bweni Lushoto, kwenye ile shule yenye bwawa la mawe ambalo maji yake yanatoka moja kwa moja kwenye kijito cha msituni. Mwalimu Hamza wa michezo alikuwa mtu wa Tanga mjini, anavaa koti na skafu hata saa sita mchana, na alishangaa kuona mtoto anaruka kwenye maji yale bila kupiga kelele. Akasema huyu nimempata. Ulipokuja siku ya wazazi ulisimama ukingoni, sweta umelifunga kiunoni kama kawaida yako, umenishikia viatu, ukawa unanihesabia mizunguko. Ulikosea hesabu. Nilipotoka ukaniambia kwa Kishambaa kwamba umezaa chura, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ile siku naipenda kuliko siku zote tulizokuwa pamoja. Hata nikiwa na hasira hivi, naipenda.

Lakini hukuniuliza hata mara moja naogeleaje siku zikifika. Ngoja nikwambie sasa. Pedi majini ni bure, inafyonza bwawa zima na kuvimba kama andazi. Msichana mmoja wa Dar alinifundisha zile za kuingiza, nikajifunza chooni huku nalia, na wenzangu moja huwatosha kwa muda wa saa nne, mimi nusu saa tu imeshajaa. Watu husema damu hukatika ukiwa majini. Hudanganywa na maji tu, ukipanda ngazi inashuka yote kwa pamoja. Kwa hiyo nilijifunza kutoka wa mwisho. Nilijifunza kutandaza taulo jeusi pale pale juu ya ngazi, kuvaa nguo mbili za kuogelea, kusimama kwenye kijukwaa cha kurukia nimebana mapaja, waamuzi nyuma yangu, na wakati wenzangu wanawaza filimbi mimi nawaza nguo yangu nyuma ikoje. Siku tatu za kwanza sikuweza hata hayo. Siku hizo nilikuwa na mafua.

Kidato cha tatu ilikuja nafasi ya kwenda Dar kwenye mashindano. Nilikuwa wa kwanza shuleni kwa mita mia mbili, hilo hata wasionipenda walilijua. Mwalimu Hamza aliniita pembeni ya bwawa, akafungua daftari lake la mahudhurio. Kila mwezi, Mama, kila mwezi kulikuwa na neno lako, limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Nakuacha kwa sababu nakupenda, mwanangu," alisema. "Kifua hiki kitakuja kukuua kwenye maji."

Nilisimama pale natiririka maji. Nikasema, sawa Mwalimu. Nilipokuja likizo nikakuhadithia, ulikuwa unamenya viazi. Hukuinua uso. Ukasema, "Afadhali hivyo kuliko aibu." Ukaendelea kumenya. Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya zizi, nikakuchukia mpaka uliponiita kula. Sikuwahi kukwambia hilo, nakwambia leo.

Miaka michache baada ya hapo ndipo ulipopelekwa kwenye upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Walituambia ni upasuaji wa kawaida, wanawake wengi wanafanyiwa na wanarudi kulima. Wewe damu haikukatika. Walikuongeza damu, chupa moja baada ya nyingine, na hukurudi. Sasa ni mwaka wa pili.

Mimi niko chuo Tanga, na naogelea tena. Mwalimu Hamza alisharudi kwao, anafundisha klabu pale mjini, akanipokea kwa mikono miwili. Maji ya Tanga ni ya uvuguvugu, hakuna mtu wa kupata mafua humo. Nikaendelea kusema nina mafua. Sikuwa na neno jingine, Mama, hukunipa. Mwezi uliopita tulikuwa tunachaguliwa wanne wa kupokezana kwa ajili ya mashindano ya taifa. Niliogelea vizuri, nikafika chumba cha kubadilishia, nikaona ukuta unanijia, nikaanguka. Wasichana wenzangu ndio walionibeba. Nikiwa kitandani, dripu mkononi, Mwalimu akapiga simu kuuliza kulikoni. Na mimi, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, nikamwambia ni mafua yamenizidi.

Akasema atanipumzisha, badala ya jina langu ataweka la mwingine. Majina yanapelekwa kesho, siku ile ile ya karatasi hii.

Daktari aliponipima alisema damu imepungua mno mwilini na akashangaa kwamba nilikuwa natembea, sembuse kuogelea. Akaniuliza niking'olewa jino huwaje, nikijikata huwaje. Alisema huenda damu yangu haigandi vizuri, kwamba jambo hilo mtu huweza kulirithi, na kwamba dawa zipo, watu wanameza na wanaishi, hata wanaogelea. Ila anataka kujua habari za mama. Nikamjibu mama amefariki. Akasema pole sana, nami simuulizi yeye, nakuuliza wewe, mama yako alikuwaje? Akanipa karatasi hii nikaijaze.

Basi jana nimepanda huku kuja kukutafuta. Nimekutafuta ndani ya nyumba yako. Kabatini nimekuta vitenge vyako, vyote vyeusi, kahawia na bluu iliyokoza, hakuna hata kimoja cheupe. Nikakumbuka kwamba zile Jumapili kwaya ya akina mama inapovaa sketi nyeupe, mara nyingi ulibaki nyumbani. Una mafua. Nikakumbuka uling'olewa jino, ukatema damu siku mbili, ukasema ni jino bovu. Nikakumbuka lile sweta kiunoni, ambalo hukulivaa mabegani hata kwenye baridi ya Julai. Miaka yote nilidhani ni mtindo wako tu. Lakini haya ni makisio, na daktari anataka ndiyo au hapana. Nikajua aliyebaki wa kuulizwa ni Baba.

Unamjua Baba. Hatujawahi, mimi na yeye, kutaja kitu chochote kilicho chini ya shingo. Leo baada ya ibada nilimkuta barazani anachagua viazi vya mbegu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa kwenye kigoda, nikaangalia miguu yangu, nikamuuliza kama wewe ulikuwa unatokwa damu nyingi kila mwezi. Nilidhani atainuka aondoke. Aliendelea kuchagua viazi, kimoja huku, kimoja kule.

"Siku zile," akasema, "maji nilikuwa nachota mimi."

Mama, hilo nalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Baba na ndoo kichwani, akipanda kutoka kwenye chemchemi, na mzee Shekiondo jirani yetu wa chini amesimama kwenye uzio anamtania: leo umeolewa wewe? Kijiji kizima walimcheka. Na Baba alikuwa akijibu vilevile siku zote, mke wangu ana mafua. Mwanamume wa pekee Lukozi aliyechota maji, kila mwezi, mbele ya macho yetu, na sisi tukacheka pamoja na majirani.

Nilitaka kumshukuru. Kabla sijafungua mdomo akasema jingine, na safari hii viazi alikuwa ameviacha.

"Waliniuliza na mimi. Siku ile, kabla hawajamwingiza kwenye upasuaji. Daktari akaniuliza, mkeo ana tatizo lolote la damu? Nikasema hana. Ni mafua tu ya mara kwa mara."

Hakulia. Alifuta mikono kwenye suruali, akafuta tena, na ilikuwa imeshatakata.

Hapo ndipo nilipokasirika hivi. Nilitaka kumpigia kelele nikashindwa, maana ni mzee wangu. Kwa hiyo kelele zote zimebaki zako. Ulimfundisha na yeye neno lile lile, Mama. Ulimfundisha akalijua vizuri mno, mpaka siku walipohitaji jingine hakuwa nalo. Ulinifichia aibu isiyokuwepo, ikaninyima Dar, nikasamehe. Ila kukunyima wewe mwenyewe uhai! Ulikuwa unaogopa nini? Kwamba watu watajua kuwa mwanamke wa Lukozi anatoka damu? Walikuwa hawajui?

Najua utasema na wewe ulifundishwa hivyo na bibi. Najua. Inaniuma zaidi, hainipunguzii.

Nilichukua simu pale pale barazani, Baba akiwa amekaa. Nilidhani ataondoka, hakuondoka. Nikampigia Mwalimu Hamza, nikamwamkia, nikamwambia, "Mwalimu, sijawahi kuwa na mafua. Ni hedhi. Damu inatoka nyingi kuliko kawaida, na hospitali wanaichunguza." Nilikuwa nimefumba macho.

"Tangu Lushoto?" akauliza.

Nikasema tangu Lushoto.

"Nina mabinti watatu hapa nyumbani," akasema polepole. "Wote wana mafua."

Hakuniahidi kitu. Alisema jina langu bado hajalifuta, atalipeleka kama lilivyo na maelezo ya daktari yatafuata, na daktari akikataa basi amekataa. Akasema nimpe Baba pole. Nikajiuliza pole ya nini, kisha nikaona ni ile ya miaka miwili iliyopita, ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kuisema.

Karatasi nimeijaza, Mama. Nimeweka alama kwenye ndiyo. Pembeni kulikuwa na mstari wa maelezo, nikaandika yote: jino, sketi nyeupe, sweta, upasuaji, na baba kuchota maji. Sijui daktari atafanya nini na habari ya maji, lakini nimeiandika.

Na leo ni siku yangu ya pili. Tumbo linaniuma, mgongo umekufa, nimekaa juu ya kitenge chako cha kahawia. Nilikuwa sijamwambia Baba, lakini kuna vitu ameviona miaka thelathini. Sasa hivi ameinuka, amechukua ndoo jikoni, ameshika njia ya chemchemi. Miguu yake siyo ile tena, anakwenda akishikilia uzio. Namwona kutoka hapa dirishani. Mzee Shekiondo yuko pale pale kwake, naye amezeeka, na utani wake haujazeeka. Nimemsikia akimuuliza kama kuna mtu amemuoa tena.

Baba amesimama. Ameweka ndoo chini kabisa. Na kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kabichi amejibu, "Mwanangu yuko kwenye siku zake. Damu ni nyingi. Anapumzika."

Mzee Shekiondo hakucheka. Amefungua geti lake, ametoka na ndoo ya kwake, na wameshuka pamoja.

Pumzika, Mama. Nitakusamehe, ila siyo leo.

Ni mimi binti yako, chura wako,
nisiye na mafua.