Damu Niliyoifua Kimya

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Kashojwa. Mahindi yameota, na mama yako amepona malaria. Uliniuliza kwa nini babu yako alikufa ingawa ile mashini ya hospitali ya Mbarara iliona ugonjwa wake wazi.

Iliona kweli. Alilala ndani yake muda mrefu, ikimgongea masikioni, kisha munganga wa hospitali akatuonyesha picha za kibofu.

"Kabla ya dawa, tulitaka kujua kama kansa iko juu juu tu, kwenye ngozi ya kibofu," alisema. "Lakini imeingia ndani ya nyama. Damu kwenye mkojo ilianza lini?"

"Juzi," babu yako akajibu haraka.

Haikuwa juzi. Mwaka mzima nilikuwa nikifua suruali zake zenye damu, kwa sababu aliniomba: "Usiambie mutu, Mama Riziki. Batanicheka." Hata mule ndani, mbele ya zile picha, nilinyamaza.

Tulipotoka alinishika mkono. "Aksanti," aliniambia, "haukunipatisha haya mbele ya munganga."

Neema, shukrani ile inaniuma mpaka leo. Ningesema mapema, pengine angeishi kunikasirikia miaka mingi, nami ningempikia hivyo hivyo, akiwa amenuna.

Ni mimi, koko wako