Boti Uliyonikataza Kuitaja

Nyumba ya ngazi za nje,
Nyuma ya posta ya zamani.
14 Agosti.

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto hadi huko kwenye baridi yenu. Vipi goti lako? Ulisema daktari amekukataza ngazi, na mimi ninavyokujua, siku hiyo hiyo ulipanda ngazi kwenda kumsimulia jirani kwamba umekatazwa ngazi. Tafadhali jitunze. Na kifua kile cha kila mwaka, kimeanza au bado?

Sisi huku wazima. Mama yupo, anakula, anasema. Ugonjwa wake ni ule ule wa kukataa kuvaa miwani aliyopimiwa, kisha kulalamika kwamba magazeti ya siku hizi yanachapwa kwa wino hafifu.

Na mtoto wetu Kasuku? Bado anaongea hata akiwa anapiga mswaki? Nimeisoma mara nyingi barua yako kwamba anakuja likizo Desemba na rafiki yake, na anataka kuzamia. Umemkatalia mara tatu, naye amekujibu kwamba ukimkatalia ya nne atakuja bila kuaga. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wifi. Baba yake naye ukimwambia maji ni baridi, alikuwa ameshavua shati.

Ukaniomba nizunguke, nikague kampuni na nyumba za kulala, nikuchagulie mtu wa kumzamisha. Hebu nifute hapo, mdomo wangu mchungu: wa kumshusha majini na kumrudisha. Na chini kabisa ukaandika, kwa kalamu uliyoikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: popote, lakini si kwa yule.

Nimezunguka wiki mbili. Nakueleza yote.

Nilianza na kampuni kubwa, ile yenye geti la kijani. Pale pazuri, siwezi kusema uongo. Sakafu inang'aa, suti za mpira zimepangwa kwa saizi, mitungi ya hewa ni mipya, na dada wa mapokezi ana tabasamu la kazini, lile linalozimika ukishageuka. Nilikaa kwenye benchi lao siku mbili nikijifanya namsubiri mtu. Nikaona mwalimu mmoja anashuka na watu kumi na wawili. Kumi na wawili, wifi! Hata kuku hawachungwi hivyo. Na walipopanda, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutoka majini, simu iko sikioni hata mapezi ya miguuni hajavua.

Kisha nikaenda kwa Mashavu. Huyo ni mtu wa watu. Alinipa chai, akaniambia kwake hakaribishwi mzamiaji wa baharini tu, hata wa kuzamia harusi za watu anakaribishwa mradi aje na hamu ya kula. Nilicheka mpaka nikasahau kilichonipeleka. Lakini fundi wake wa kompresa aliposikia maswali yangu alijua si maswali ya mgeni, akanivuta nyuma ya banda. Bomba la kuvuta hewa ya kujaza mitungi liko hatua nne tu kutoka kwenye bomba la moshi la jenereta. Upepo ukigeuka, moshi unaingia mtungini, na mtu anakuja kuuvuta akiwa mita ishirini chini. Fundi ameshasema mara tano, na mara tano amejibiwa kwa kichekesho. Vichekesho vya Mashavu navipenda, ila hewa yake sitaki mwanangu aivute.

Kuhusu malazi, ziko nyumba mbili nilizozipenda. Ya kwanza ni ya nesi mstaafu, karibu na mnara wa maji. Vyandarua vyake havina tundu hata moja, na uani ana kamba ndefu na bomba la maji baridi la kusuuzia vifaa. Kasoro yake ni masharti: ameyabandika hadi chooni, na moja linasema mgeni asiimbe akioga. Sijui Kasuku atapona vipi hapo. Ya pili iko juu ya duka la fundi cherehani. Wenyewe ni wakarimu kupita kiasi, lakini ngazi zao ni za vigae, na mtu aliyetoka majini ana miguu yenye maji na usingizi. Cherehani nazo zinaanza kunguruma kabla hata jua halijapata akili.

Ya tatu ni kwangu, na unajua kwamba nyumba yangu ni yake. Shangazi ni baba, sihitaji kukufundisha. Lakini sikushauri umlete kwangu, wala si kwa sababu ya kitanda.

Wifi, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Nikihesabu watu, anazidi mmoja.

Siyo usahaulifu. Nikiwa na wageni wanne, asubuhi nawahesabu kwa kidole, nafika watano, naweka vikombe vitano mezani. Wanakaa wanne. Kikombe cha tano nakirudisha kabatini kabla hawajauliza. Suti zao wakizianika kwenye kamba, nazigeuza ziangalie ukuta, maana zikiangalia mlango zinasimama kama mtu anayesubiri kuambiwa aingie. Pale kwenye geti la kijani walishuka kumi na watatu pamoja na mwalimu. Nikawahesabu wakitoka, nikapata kumi na wanne. Niliondoka pale bila kumwaga hata yule dada wa mapokezi.

Ndiyo maana nilikwenda kwa yule uliyenikataza. Usiichane barua, nakuomba. Nilikwenda kwa sababu watu wote niliowauliza, hata fundi wa Mashavu, walinipa jibu moja: kama ni mwanao, mpeleke kwa Nahodha.

Ana boti moja kuukuu iliyopakwa rangi upya. Hachukui zaidi ya watu wanne. Kila mtungi ameuandikia tarehe ya kupimwa kwa rangi nyeupe, na chupa ya oksijeni ya dharura anaifungua mbele yako usikie inavyopuliza. Ubao wa kutundikia vibati vya namba za wazamiaji hana. Kabla ya kuwasha injini anamwita kila mtu kwa jina, na mtu mwenyewe sharti aitike kwa mdomo wake huku Nahodha anamtazama usoni. Mwenzako hawezi kukuitikia. Wakitoka majini anaita tena. Wakifika ufukweni anaita mara ya tatu. Kuna mgeni alimcheka, akamwambia hawa si watoto wa chekechea. Nahodha akazima injini, akakaa, akasubiri mpaka yule mtu alipoitika.

Mimi nilikuwa gatini wakati boti inaingia. Nikahesabu vichwa, nikapata sita. Yeye akaita, wakaitika wanne, na yeye wa tano. Nikahesabu tena, wakawa watano. Wifi, kwa miaka kumi na moja hiyo ndiyo mara ya kwanza hesabu yangu kukubali kusahihishwa. Nilikaa chini pale pale kwenye mbao, na kilio kikanishika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Unakumbuka kwamba kwenye ile kampuni ya zamani, walikofanya kazi Nahodha na mumeo, mimi ndiye niliyekuwa naosha vifaa na kutunza ubao. Kila mzamiaji alikuwa na kibati chenye namba. Akienda majini anakichukua, akirudi anakitundika kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ilikuwa hiyo moja tu: kibati cha mtu hakitundikwi na mtu mwingine. Na kaka yangu, mumeo, kipenzi cha watu, hakuwahi kukitundika cha kwake hata siku moja. Alikivua botini, akakitupa kwenye beseni la miwani za wageni, kisha akaogelea hadi ufukweni, akapitia mlango wa nyuma kwenda nyumbani kwako kula. Nami nilikuwa nakiokota na kumtundikia, huku nikimnung'unikia kama dada yeyote. Tangu utotoni nilimtandikia kitanda, nikambebea madaftari. Kibati kilikuwa nini?

Siku ile Nahodha alileta wageni na vifaa ufukweni kwa kile kiboti cha mpira, akamwacha mumeo kwenye boti kubwa afungue kamba iliyonasa chini ya boya. Beseni likafika kwangu, na kibati cha mumeo kilikuwa humo, namba tisa. Nikakitundika. Sikuinua hata macho kutazama majini. Nahodha akarudi kutoka stoo ya mafuta, akatazama ubao, akaona umejaa, akajua mwenzake ameogelea na kwenda zake kama kawaida. Akafunga mlango. Mimi nikaenda sokoni kununua vitunguu.

Alikutwaje kesho yake unajua: juu ya maji, mkondo umemfikisha mbali, jaketi la kuelea limejaa hewa, na daktari akasema alikaa hai saa nyingi akisubiri. Sitarudia. Ila ujue kwamba saa zile alizokuwa anatusubiri, ubao ulikuwa unasema amerudi, na ubao ulisema hivyo kwa mkono wangu.

Alipokuja yule bwana wa bandari na fomu yake, aliniuliza nani aliyetundika namba tisa. Nikasema sijui, labda mwenyewe. Maneno machache tu hayo. Kutokana nayo wakaandika kwamba mumeo alirudi ufukweni, akatundika kibati, kisha akajirudisha majini peke yake kwa ukaidi, na kwamba Nahodha hakuhesabu watu wake. Nahodha akafukuzwa. Kasuku amekua akisikia kwamba baba yake alijiua kwa kiburi. Na siku ya mazishi, Nahodha alipokuletea mkono wa pole, uliukataa mbele ya watu wote, ukamwambia aliyekula uhai wa mumeo asikanyage kwako. Mimi nilikuwa nimekushika bega. Nilisikia kila neno na nikanyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite, nilijiambia. Wifi, hakupita. Amekaa nami miaka kumi na moja.

Pale gatini, baada ya kulia, nilimweleza Nahodha yote. Aliendelea kukunja kamba yake.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Marehemu atundike kibati? Nani asiyejua alikuwa anatundikiwa na dada yake?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefiwa," akasema. "Na mimi nilitazama ubao badala ya kumtazama mwenzangu. Hilo ni langu, usinipunguzie."

Halafu akaniuliza kama Kasuku anajua kuogelea vizuri, na ana uzito gani, ili amtafutie suti ya kumtosha.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huu. Alale kwa nesi mstaafu, avumilie kutoimba bafuni. Na azamie na Nahodha, na yeye tu. Kama nisingekuambia ukweli, ungemtoa mtoto kwa yule anayeita watu kwa majina ukampeleka kwenye geti la kijani au kwenye moshi wa Mashavu, kwa sababu ya uongo wangu. Wa kwanza sikumtazama. Wa pili sitathubutu kutomtazama.

Mwambie Kasuku kwamba baba yake hakuwa mkaidi. Alikuwa anafungua kamba kwa sababu alitumwa, na alikuwa na haki ya kufuatwa. Kama ni uzito kwako kumwambia, nipe ruhusa nimwambie mimi, uso kwa uso, hata akinitemea mate. Jumatatu naenda ofisi ya bandari kuandika maelezo yangu upya. Mama bado hajui. Nikifunga bahasha hii naenda kumsomea nakala yake, na safari hii hatahitaji miwani.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi, ni jambo kubwa mno kwa stempu moja. Nakuomba unijibu. Hata ukinitukana, nitukane kwa mwandiko wako.

Nisalimie mama yako na kaka yako dereva, na yule jirani wa ghorofa ya juu anayekushikia ufunguo. Mpe Kasuku salamu za shangazi yake, kama utaona zinafaa kufikishwa. Mungu akuponye goti, akulindie mtoto kila anapokwenda, na akupe usingizi usiku ule utakapomaliza kuisoma barua hii.

Wako akupendaye,
aliyekuwa wifi yako mpaka ulipofungua bahasha.