Naveti ya Mama

Gisenyi, 9 Septemba 1999

Dada yangu mpenzi Saidati,

Amani ya Mungu ikukute huko Goma. Mgongo umepoa? Shemeji Twahir na watoto je? Sisi tuko wazima, ni vumbi tu la kiangazi linatukohoza.

Dada, naveti ya marehemu mama imerudi. Ile ya pembe, ya kupitishia uzi, aliyofungia lasi, vile vitambaa vya mafundo ya uzi, za altare miaka yote, na mi nikafungia herini na mikufu ya uzi wanayogombea wasichana wa mjini. Unajua nilimfundisha jirani yangu Mukandutiye fundo kwa fundo, mkono juu ya mkono. Mwaka jana naveti ikapotea. Siku ya maonyesho parokiani nikaiona mkononi mwake, anawaambia masista ameachiwa na bibi yake. Nilipoidai akacheka mbele ya watu, eti Drocella siku hizi anaota mchana. Tangu hapo nikawa nafunga kwa kipande cha karatasi ngumu, na kwenye rozari nikifika "kama tunavyowasamehe", ulimi unakwama.

Bon, mwezi wa nane akamwoza binti yake, Keza. Mikufu ya arusi alifunga mwenyewe, kwa naveti ya mama. Hawajamaliza kupiga picha kwenye ngazi za kanisa, nyuki wakashuka. Mukandutiye, mwenye mkufu mpana kuliko wa bibi arusi, alikimbia bila viatu mpaka barabarani. Keza akaumwa mdomo. Huyo tu ndiye ananihuzunisha.

Siku ya tatu Mukandutiye akaja, jicho moja limefumba, naveti ameifunga katika kitambaa cheupe. Akapiga magoti, akasema mama ndiye aliyetuma nyuki kudai kitu chake.

Dada, nyuki niliwatuma mimi. Kabla ya arusi alimtuma Keza aniulize uzi unakazwa na nini usimame. Mi natumia wanga wa muhogo. Nikamwambia, "Sukari, binti yangu. Ichemsheni iwe nzito, mpake mara tatu. Hata mama alipaka lasi za altare." Na ni kweli alipaka. Ila lasi ya altare haitoki juani.

Kila Jumamosi napanga mstari wa kitubio. Nikifika kwa padri nataja dhambi nyingine. Na kila Jumapili, baada ya misa, Mukandutiye ananiuliza kama mama amemsamehe. Namshika mkono polepole, namwambia, "Bado."

Barua hii uichome. Wasalimie wote nyumbani. Nimekuwekea herini humu ndani. Zivae hata juani, ni za wanga.

Mdogo wako akuombeaye,
Drocella