Mbuzi wa Ntheo Wamepanda Lori

Mbumbuni, Alhamisi, 1985

Jua la leo ni kali mpaka kuku wamejificha chini ya ghala. Mvua bado. Na mimi sina raha hata kidogo.

Benki imechukua mbuzi wa ntheo yangu.

Wacha nieleze pole pole, maana kichwa kinaniuma. Mwaka juzi mume wangu, Mutua, alikopeshwa na benki ya maendeleo mbuzi wa maziwa, wale wa kisasa wenye vibati masikioni. Akakubali kwamba hatauza wala kugawa hata mmoja kabla deni halijaisha. Lakini alitaka pia kunioa, na kwetu Ukambani bila mbuzi wa ntheo kufika kwa baba yake, mwanamke bado si mke wa mtu. Angewatoa wapi wengine? Akachagua watatu walionona, akawapeleka kwa baba yangu kule Matinyani. Baba alifurahi ajabu! Ati hajawahi kuona mkwe wa namna hiyo.

Kisha kiangazi kikaja. Mbuzi wakafa, maziwa yakakauka, malipo yakakwama. Juzi afisa wa benki alikuja kuchukua waliobaki, akauliza wale watatu wako wapi. Mutua hajui kudanganya.

Nilimsihi yule afisa. Nikamwambia ntheo ikirudi, ndoa imevunjika. Akacheka. "Mama, mbuzi ni mbuzi. Atapeleka wengine." Si mtu mbaya, anatoka mbali tu. Waliopanga mradi huu hawakuuliza mbuzi ana kazi gani huku kwetu. Sasa watasema Mutua ni mkora. Mkora gani huyo anayewaonyesha njia?

Maana jana alipanda lori lao mpaka Matinyani, akaingia kwenye boma la baba, akawatoa mbuzi kwa mikono yake. Alitaka tu wasije wakabeba mbuzi wa baba kwa makosa. Mbele ya majirani! Aki Mutua! Hata mtoto anajua mkwe akija kuchukua ntheo yake, amemkataa mke.

Leo asubuhi kaka yangu Kioko amefika na ujumbe. "Baba anasema ufunge nguo zako twende."

Nimemwambia sifungi kitu. Nampenda mume wangu, na nina mimba yake.

Kioko akaangalia chini. "Basi anasema usimwite baba tena."

Tangu hapo Mutua ameketi nje, hata sahani yake ya muthokoi hajagusa. Nina hasira naye, na ninamhurumia, yote mara moja. Sijui nianze na lipi.

Kesho nitaenda Matinyani mwenyewe, mikono mitupu, nimwambie baba sijakataliwa na mtu. Naogopa sana. Baba akisema neno amesema. Akinifungia mlango, mtoto huyu nitakuwa nikimwonyesha boma la babu yake tukiwa barabarani.